Kabla hujauza kifaa chako, tazama Qualcomm inavyopata pesa zake

Mimi na wenzangu wawili tulitumia miaka miwili kutengeneza kifaa cha kupima kina cha maji kwenye matangi na kutuma taarifa kwa mtandao wa simu. Bodi ya saketi tulichora wenyewe, programu tuliandika wenyewe, hata kasha tulikata kwa mikono yetu. Mteja wetu mkubwa alinunua vifaa 40, akavifungua, na baada ya miezi michache akawa anauza vya kwake kwa bei iliyo chini ya gharama zetu. Hatukuwa na hataza (hati ya kulinda uvumbuzi) wala mkataba wa maana, na programu tuliiacha wazi kwa yeyote mwenye waya wa kuinakili. Hatukuwa na pa kushitakia.

Iliniuma sana. Nikaanza kusoma ripoti za mwaka za kampuni za mawasiliano yasiyotumia waya, nione wenzetu wanaishije bila kuporwa. Iliyonibadilisha mawazo ni ya Qualcomm, na kama unatengeneza kifaa chochote chenye redio ndani yake, nakuomba uijue historia yake kabla hujamkabidhi mtu mzigo wa kwanza.

Wengi wanaifahamu kwa chipu za Snapdragon. Chipu hizo haizitengenezi katika viwanda vyake. Inazisanifu, kisha kampuni kama TSMC na Samsung zinazizalisha. Katika mwaka wa fedha wa 2024 iliingiza karibu dola bilioni 39, na kati ya hizo chipu zilileta kama bilioni 33, na leseni, yaani ada ambazo wengine hulipa ili kutumia hataza zake, bilioni tano na nusu hivi. Ukiishia hapo utaona leseni ni nyongeza ndogo. Endelea kusoma hadi kwenye faida: katika kila dola ya leseni, zaidi ya senti 70 zilibaki kabla ya kodi, ilhali dola ya chipu ilibakiza chini ya senti 30. Jedwali hilo nililisoma usiku mmoja nikalirudia mara tatu. Sisi tulikuwa tumeweka nguvu zetu zote kwenye kasha.

Lakini usikimbilie leseni siku ya kwanza. Hapa ndipo vijana wengi wanaoniomba ushauri wanapojikwaa. Qualcomm ilianzishwa San Diego mwaka 1985 na watu saba, akiwemo Irwin Jacobs na Andrew Viterbi, na kilichoiweka hai mwanzoni ni huduma. Mwaka 1988 ilizindua OmniTRACS, mfumo wa setilaiti uliowawezesha wenye malori kujua gari liko wapi na kumtumia dereva ujumbe. Kampuni ya malori ya Schneider ilikuwa miongoni mwa wateja wa mwanzo. Pesa hizo ndizo zilizosaidia kugharimia utafiti wa CDMA, mbinu ya mawasiliano ya simu ambayo wakati huo wataalamu wengi waliamini haitafanya kazi nje ya maabara. Sisi tulipoanza upya tulifanya vivyo hivyo kwa kiwango chetu: hatukuuza kifaa, tulitoza ada ya mwezi kwa taarifa. Kifaa kikabaki mali yetu, na mteja akawa hana sababu ya kukifungua.

Swali gumu zaidi ni hili: katika kazi yako, ni kipi hasa ambacho mwingine hawezi kukikwepa? Kwenye CDMA simu nyingi huzungumza kwa pamoja katika masafa yaleyale, kila moja na msimbo wake. Shida ni kwamba simu iliyo karibu na mnara hufunika sauti ya iliyo mbali. Dawa ikawa kuirekebisha nguvu ya kila simu mara 800 kwa sekunde, ili zote zifike mnarani zikiwa sawa. Novemba 1989 waliwaonyesha wenye mitandao pale San Diego kwamba inawezekana. Mitambo ilikwama kidogo, Jacobs akapewa ishara kwamba aendelee kuzungumza jukwaani hadi wahandisi wake watengeneze. Namheshimu sana kwa dakika zile. Katika kifaa chetu, jambo lisilokwepeka lilikuwa hesabu inayochuja vipimo vya uongo maji yanapotikisika. Redio na betri mtu yeyote angeweza kununua. Hesabu ile ndiyo iliyotuchukua miezi 14.

Halafu kuna kuacha. Qualcomm ilitengeneza simu na mitambo ya minara kwa sababu mwanzoni wengine walisita. Soko lilipoimarika, mwaka 1999 ikaiuzia Ericsson biashara ya mitambo, na mwaka 2000 ya simu ikaenda kwa Kyocera. Ilikuwa ikishindana na watu haohao iliotaka wanunue chipu na leseni zake. Nasi tuliacha kutengeneza makasha, na yule mwenzetu aliyeyapenda alinuna kwa muda mrefu. Sikumlaumu.

Leseni nayo ina miba yake. Mrabaha wa Qualcomm, yaani ada ya leseni kwa kila simu, hukokotolewa kwa bei ya simu nzima, hata kama chipu iliyomo ni ya kampuni nyingine. Ugomvi ukazuka: Apple ilishitaki Januari 2017, na simu zake mpya za 2018 zikatumia modemu (chipu za kuunganisha simu na mtandao) za Intel. Walipatana Aprili 2019. Shirika la Marekani la kusimamia ushindani, FTC, nalo lilishinda kesi yake Mei 2019, kisha mahakama ya rufaa ikabatilisha hukumu hiyo Agosti 2020. Kwa simu za 5G zinazotumia pia mitandao ya zamani, Qualcomm ilitangaza asilimia 3.25, na bei inayohesabiwa ikawekewa kikomo cha dola 400. Kikomo hicho nakiona cha busara. Mwenye leseni asipokiweka mapema, mteja anayeongeza kioo kizuri au kamera bora anahisi anatozwa kwa jasho lake mwenyewe.

Kwa hiyo mkataba wetu wa kwanza wa leseni, tuliousaini na mtengenezaji wa pampu, hautumii asilimia kabisa. Ni kiasi kisichobadilika kwa kila kifaa, ada ndogo ya kuanzia, haki ya kukagua vitabu vyake vya mauzo mara moja kwa mwaka, na programu inayofika kwake ikiwa imefungwa. Mwanasheria alitutoza zaidi ya mapato yetu ya miezi miwili kuuandika, na kifungu cha ukaguzi ndicho alichokipigania hadi mwisho. Mwaka wa pili kilitufaa: hesabu za mtengenezaji huyo zilikuwa na upungufu wa vifaa 112, tukakaa mezani naye, akavilipia.