Kukusanya gemu za zamani ukiwa Dar: ushauri wangu ni uanze na kaseti

Mkuu, nimelisoma swali lako vizuri. Una PS2, una Sega moja, una Game Boy uliyopewa na binamu yako, chumba hapo Tabata kimeanza kujaa, na sasa kuna mtu anataka kukuuzia kaseti za gemu za NES (mashine ya Nintendo) kutoka Marekani. Unauliza ushike njia ipi: ukamilishe mashine moja, ufuate mfululizo mmoja wa gemu, au uchukue chochote kinachokuvutia. Nimekuwa nikikusanya hapa hapa Dar kwa miaka mingi, kwa hiyo nitakujibu kwa niliyoyaona. Uvumilie urefu.

Jibu langu ni hili: kusanya gemu zilizochezwa Dar, kwa namna zilivyochezwa Dar. Na ndani ya hizo, anza na kaseti.

Ushauri unaoukuta kila mahali ni kwamba uchague mashine moja, utafute orodha ya gemu zake zote, uanze kuweka tiki. Kwa mtu wa Osaka au Manchester una maana, kwa sababu vitu vyenyewe viko dukani karibu na kwake. Sisi unatuumiza. Famicom, yaani NES ya Japani, peke yake ina gemu rasmi zaidi ya 1,000, PS2 ina maelfu, na nyingi kati ya hizo hazikuwahi kukanyaga hapa. Utalipa usafiri na ushuru kwa ajili ya gemu ambayo hujawahi kuisikia, hakuna rafiki yako aliyeicheza, na ikigoma hakuna fundi anayeijua.

Halafu kuna historia yenyewe. Wenzetu hupanga gemu kwa vizazi: Famicom 1983, Mega Drive ya Sega 1988, PlayStation 1994, PS2 mwaka 2000. Huo ni mpangilio wa huko zilikotengenezwa. Tanzania Bara vituo vya televisheni vilianza kurusha matangazo mwaka 1994 (Zanzibar walitutangulia tangu miaka ya sabini). Yaani mwaka ule ule PlayStation ya kwanza inatoka Japani, nyumba nyingi za Dar ndiyo kwanza zinaanza kuwaza kununua TV. Ndiyo maana mwishoni mwa miaka ya tisini watoto wa Magomeni na Temeke walikuwa wanacheza Super Mario Bros. ya 1985 kama gemu mpya kabisa, na mtaa wa pili kuna nyumba tayari ina PlayStation. Kwetu kaseti na CD zilikuwa majirani. Kwa hiyo panga rafu yako kwa jinsi vitu vilivyoingia mjini: TV gemu za kaseti, brick game za betri, Sega, PlayStation, kisha mabanda ya PS2, yale ya kulipia kucheza. Mtu yeyote wa rika letu akiingia chumbani ataielewa bila kuelezwa.

Sasa kaseti, maana hapa ndipo moyo wangu ulipo.

Mashine nyingi tulizokuwa nazo majumbani zilikuwa nakala za Famicom zilizotengenezwa Asia, zenye majina ya kila aina. Nyingine zilipewa umbo la PlayStation, ukifungua kifuniko cha CD unakuta mdomo wa kaseti. Kaseti zake zina pini 60, sawa na Famicom ya Japani. Gemu halisi za Famicom zimeshapigwa picha, zimeorodheshwa na kunakiliwa na watu wa Japani, Ulaya na Marekani. Hata kesho nyumba yako ikiungua, hakuna gemu itakayopotea duniani. Kaseti zetu hazina uhakika huo. Zilitengenezwa bila leseni, bila tarehe, mara nyingi bila jina la kiwanda. Ile unayoiona kwa jirani yako inaweza kuwa na mchanganyiko wa gemu ambao hakuna aliyewahi kuuandika popote. Mkusanyaji wa Dar anaweza kufanya kazi ambayo haijafanywa na mtu mwingine, na anaweza kuifanya kwa fedha kidogo.

Chukua Contra. Toleo la Famicom la mwaka 1988 lina ramani kabla ya hatua, lina picha za kusimulia hadithi, na kwenye hatua ya kwanza majani ya miti yanapepea. Toleo la Marekani halina hayo, miti imetulia kabisa. Nina kaseti mbili zenye stika moja ya Contra, askari wawili wale wale, rangi zile zile, na moja ina majani yanayopepea, nyingine hayatikisiki. Ukikuta ya kwanza sokoni, usiiache. Au chukua ile gemu ya vifaru. Battle City ya Namco ya 1985 ina hatua 35, lakini kwenye kaseti zetu utaikuta pia imebadilishwa na kuitwa Tank 1990, na matoleo yake hayafanani. Na zile zilizoandikwa 9999 in 1 usizidharau. Ni kweli gemu zenyewe ni chache, zinarudiwa kwa kuanzia hatua tofauti au kwa kuongezewa roho, lakini zina menyu yake, muziki wake na mchoro wake wa nyuma. Piga picha ya stika, piga picha ya menyu, rekodi muziki, andika ulikoipata na mwaka ambao mwenyewe anakumbuka kuinunua. Mimi naithamini zaidi kaseti moja ya Tandika yenye maelezo hayo kuliko Zelda ya dhahabu iliyokuja kwa ndege.

Jambo moja la heshima: hizi ni kopi, na ukija kumuuzia au kumbadilishia mtu, mwambie ni kopi. Ukiifungua utaona chipu imefunikwa tone la gundi nyeusi badala ya chipu yenye miguu na maandishi. Kuna wanaozipamba stika na kuziita original, na wanaharibu imani ya watu.

Umeme na TV navyo vinakuamulia mengi kabla hujatoa hata shilingi. Sisi tuna volti 230, plagi ya pini tatu za Kiingereza, na rangi za TV zetu ni mfumo wa PAL. Kwa hiyo mashine iliyotoka Uingereza unaichomeka na inawaka. Ya Japani inataka volti 100, ya Marekani 120, zote mfumo wake ni NTSC. Bila transfoma utaisikia ikinuka, na kwenye TV nyingi za zamani picha itakuja nyeusi na nyeupe. Ubaya wa PAL ni mmoja tu: inaenda picha 50 kwa sekunde badala ya 60, kwa hiyo gemu nyingi ambazo hazikurekebishwa zinakuwa nzito karibu asilimia 17. Ukiwa na Sonic ya Ulaya utausikia hata muziki unavuta miguu.

Tafuta TV ya kichogo sasa hivi. Inchi 14 au 21 inatosha. Mitambo ya analojia ilipozimwa Dar tarehe 31 Desemba 2012 watu walianza kuhamia kwenye flati, na vichogo vikaenda stoo au kwa mnunua chuma chakavu, lakini kwa gemu za kaseti bado hakuna mbadala wake. Picha ya Mario kwenye flati inakuja na ukungu. Na bastola ya Duck Hunt haitafanya kazi kabisa: ukivuta kifyatulio, kioo kinakuwa cheusi, kisha kinaonyesha kisanduku cheupe pale alipo bata, na jicho lililo ndani ya bastola linasubiri mwanga huo kwa wakati wake. Flati inachelewesha picha, basi bata wote wanasalimika. Ila usifungue kichogo mwenyewe, hata kama umekichomoa, kinahifadhi umeme mkali. Mpe fundi TV.

Na huyo fundi TV ndiye chanzo chako kikubwa. Kariakoo utakuta vidude vipya vya mkononi vyenye gemu 400, ni vizuri kwa watoto, lakini vya zamani haviko dukani. Viko kwenye boksi chini ya meza ya fundi, Mwananyamala, Manzese, Mbagala, vililetwa kutengenezwa na wenyewe hawakurudi. Mzoeane kwanza. Pita mara kwa mara, mletee kazi, atakuwekea. Chanzo cha pili ni waliokuwa na mabanda.

Hapo ndipo naiweka PS2 yako. Usiikusanye kwa kutafuta gemu za dukani zenye makava mazuri, kwa sababu hapa ni wachache waliowahi kuyaona. PS2 ya Dar ilikuwa banda: mashine iliyowekwa chipu ili isome diski za kopi, diski ya kuchoma iliyoandikwa kwa kalamu "Winning mpya" (Winning Eleven, gemu ya mpira), padi ambayo analogi yake imeisha mpira, watoto wamepanga foleni wakisubiri anayefungwa anyanyuke. Kusanya hivyo. Nina diski moja ambayo mtu alizibadilisha jezi, timu moja ikawa nyekundu na nyeupe, nyingine kijani na njano, na kila anayeiona anajua derby inayochezwa. Nina pia kibao cha mbao cha bei kwa mechi kilichoandikwa kwa rangi ya mafuta. Mwenye banda alikuwa anataka kukitupa. Kama pia unataka original za kuweka pembeni, geuza diski: za PlayStation ya kwanza ni nyeusi upande wa chini, na gemu za PS2 zilizotoka kwenye CD ni za bluu.

Nakusisitizia kaseti pia kwa sababu ya hali ya hewa yetu. Joto, unyevu na chumvi ya bahari havina huruma. Diski za kuchoma zinakufa mapema kwa sababu rangi inayobeba data inafifia, kwa hiyo ya jezi niliinakili kwenye kompyuta siku ile ile. Kaseti za Game Boy zinazotunza gemu zina betri ndogo ndani. Pokémon Gold na Silver zinaimaliza mapema zaidi kwa sababu zina saa inayotembea muda wote, na ikiisha safari yako inafutika. Kaseti zetu nyingi hazina betri. Adui yake ni kutu kwenye pini. Acha kupuliza, pumzi ina maji. Pamba yenye spiriti, sugua taratibu, acha ikauke, ihifadhi kwenye boksi la plastiki lenye vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Na usiwashe chochote bila stabilaiza, unajua umeme wetu unavyorudi baada ya kukatika.

Simu za kitochi zenye Snake ni uwanja mwingine mzuri, ila usiuingie mwaka huu. Utatawanyika.

Kuhusu ulivyo navyo: Game Boy ya binamu itunze kama zawadi, usianze kuinunulia gemu. Sega ifungue uone kama ni ya kampuni au ni nakala. Kama ni nakala, imeshaingia moja kwa moja kwenye mpango huu. Na yule mwenye kaseti za NES mwambie usubiri kwanza. Zina pini 72, hazitaingia kwenye mashine yoyote utakayoipata kwa fundi wa hapa. Kama kuna moja umeshaipenda, chukua hiyo moja, na uhakikishe umepata adapta ya kuishusha hadi pini 60 kabla hujamlipa.