Ile Tano ya Kyiv

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama wanahistoria wa Ukraine, wakati wa mageuzi ya Gorbachev, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti, waliyabadili maandishi yao kwa hiari au kwa amri. Hadi 1987 njaa ya 1932–1933, iliyoua mamilioni, haikuwamo vitabuni. Desemba mwaka huo Shcherbytsky, kiongozi wa Chama cha Kikomunisti kule Ukraine, akaigusa katika hotuba huku akiyasingizia mavuno mabaya. Januari 1990 Kamati Kuu ya Chama hicho ikaruhusu nyaraka za njaa hiyo zichapishwe, na mwaka huohuo kitabu kikatoka kwenye hifadhi ya Chama chenyewe. Basi ni amri. Lakini mwanahistoria Braichevsky alikwisha kuandika tangu 1966, bila kutumwa na mtu, akihoji kwa nini mapatano ya Khmelnytsky, kiongozi wa Wakosaki wa Ukraine, na Moscow ya 1654 yaitwe "kuungana upya", na swali hilo likamponza hata akapoteza kazi. Basi si amri tu.

Mimi, hata hivyo, kila nikiliwaza swali lako naiona ile tano niliyopewa nikisoma Kyiv. Cheti mnakijua, kimo katika sanduku la bati la marehemu bibi yenu, nanyi mmekua mkiambiwa kwamba baba alipata tano, alama ya juu kabisa, katika Historia ya Chama, somo lililotulazimu hata sisi wa uhandisi. Sikuwaambia niliulizwa nini. Ulikuwa mtihani wa mdomo, Juni 1987. Nilivuta karatasi ya swali, ikawa ya mashamba ya pamoja, kisha mwalimu akaniongezea jingine juu ya yale yanayosemwa na redio za Magharibi. Nikajibu, kwa Kirusi nilichojivunia, kwamba habari za njaa ni uzushi wa maadui. Hakuniangalia. Alikuwa akizungusha kifuniko cha kalamu, akaandika tano.

Nanyi mnajua nilivyozoea kusema: karatasi haina haraka. Mwaka 1990 mwalimu yuleyule alitusomea kitabu kile, vijiji vilivyotiwa katika orodha nyeusi na kunyimwa bidhaa za dukani, kwa sauti ileile aliyofundishia uzushi wa maadui. Karatasi haina haraka, ndiyo. Ila najibishana na nafsi yangu, kwa kuwa mama mzee wa mlangoni bwenini hakuwa karatasi. Kila jioni aliyakusanya makombo ya mkate kwa kiganja na kuyala, nasi tulimcheka kuwa ni bahili. Miaka yote ile sikumwuliza neno.

Ungependa niseme kama mwalimu yule alikuwa mwoga. Neno ninalo mdomoni, na mama yako ameshanisikia nikilitamka usiku. Lakini yeye alikuwa na ajira na watoto mjini mle, mimi nilikuwa na tiketi ya kurudi Tanga, na tano niliipokea kwa mikono miwili. Ukija likizo, nifungulie lile sanduku. Kufuli lake limeshika kutu.

Baba yako