Muulize Mfamasia: Tezi za figo ndo zinaumwa, mbona ngozi imekuwa nyeusi?

SWALI: Shikamoo anti. Naandika toka Tanga. Dada yangu ana miaka 38, tangu mwaka jana amekonda sana afu amekuwa mweusi, na sio weusi wa jua, mistari ya viganjani imekuwa kama mtu kaipitishia kalamu ya risasi, fizi nazo hivo hivo, hadi lile kovu la operesheni tumboni limeiva. Akisimama ghafla kizunguzungu, na chumvi anailamba kavu kavu toka kwenye kopo. Mtaani washasema yote, mara mkorogo umemgeuka, mara katupiwa kitu. Hospitali wakampima wakasema tezi zilizo juu ya figo zimegoma, wakampa hidrokotisoni na dawa nyingine ya kushika chumvi. Sasa mi nashindwa kuelewa, tezi ziko huko kiunoni ndani, ngozi iko huku nje, zinajuana wapi? Na hiyo rangi itatoka kweli?
Mdogo mtu, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, na umpe pole dada. Hiyo ya kulamba chumvi hata ungeiandika peke yake ningeshtuka, ndo huwa inasahaulika watu wakishaanza kubishana kuhusu mkorogo.

Ugonjwa wenyewe unaitwa Addison, kwa jina la Thomas Addison, daktari wa London aliyeuandika mwaka 1855, na yeye pia kilichomvuta jicho ni rangi hiyo hiyo ya ngozi. Iko hivi. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama njegere, pituitari, na kazi yake mojawapo ni kuziamsha tezi za juu ya figo kwa homoni inayoitwa ACTH. Zikiamka zinatoa homoni yao, kotisoli, pituitari ikiiona kotisoli kwenye damu inanyamaza. Sasa za dada hazitoi kitu. Pituitari inakuwa kama mtu anayemdai mwenzie hela, simu haipokelewi, anapiga tena, anapiga tena, mpaka ACTH inajaa kwenye damu yote, na damu haiendi kwenye figo tu, inafika na kwenye ngozi.

Huko kwenye ngozi ndo kuna mambo. Seli zinazotengeneza rangi zina vipokezi kwenye ganda lake, vinaitwa MC1R. Kipokezi kimoja ni protini ndefu ya asidi amino 317, yaani vipande vidogo vilivyoungana mstari mmoja, ambayo imepenya ganda la seli mara saba, inatoka inaingia inatoka inaingia kama uzi wa mtu anayedarizi kofia, na kwa upande wa nje mishono hiyo inaacha kijishimo. Hapo kijishimoni ndo homoni inapotua. Homoni yake halali inaitwa alfa-MSH, ichukulie kama uzi mfupi wa shanga 13, kila shanga ni asidi amino moja. ACTH nayo ni uzi wa shanga 39. Ila ukizihesabu toka mwanzo, zile 13 za kwanza za ACTH ni zile zile za alfa-MSH, moja baada ya moja, kwa sababu zote mbili zinakatwa toka kwenye uzi mmoja mrefu unaoitwa POMC, inategemea tu vimeng'enya vimekata wapi.

Na kipokezi wala hakisomi uzi wote! Kinachopapasa hasa ni shanga nne za katikati, histidini, fenilalanini, ajinini na triptofani, kwa mpangilio huo huo, na kuna chembe ya kalsiamu imekaa hapo shimoni inasaidia kuzishika. Nne zikikaa vizuri, basi, kipokezi hakiulizi katumwa nani. Siku za kawaida ACTH ni kidogo kwenye damu kwa hiyo ngozi haiisikii, lakini ikimwagika namna ile ya dada lazima nyingi zitue kwenye kijishimo kisicho chao. Kipokezi kinajipinda, upande wa ndani kinaacha nafasi, protini G iliyojibanza pale inaamka, ndani ya seli saiklik-AMP, ambayo ni mpeleka habari mdogo, inapanda, inaamsha kimeng'enya kinachofuata, mwisho habari inafika kwenye jeni za rangi na seli inaanza kutengeneza kimeng'enya kinachoitwa tairosineisi kwa wingi, ambacho ndo fundi mkuu wa melanini nyeusi, yaani rangi yenyewe ya ngozi. Melanini ikishakuwa tayari inagawiwa kwa seli za jirani. Kwa hiyo ngozi ya dada haina kosa lolote, imetii amri iliyotumwa kwa mwingine.

Ukitaka kuamini, angalia mgonjwa ambaye iliyokufa ni pituitari yenyewe. Huyo naye kotisoli hana, anachoka, anazunguzika, lakini hawi mweusi, kwa sababu ACTH ya kugonga kwenye ngozi haipo. Hao wanaojipaka mkorogo wenye steroidi kali, dawa zinazofanya kazi kama kotisoli, miaka na miaka wanaweza kufika huko huko, pituitari inazoea kunyamaza. Kwa hiyo walosema mkorogo umemgeuza kuwa mweusi kwa njia hii wamekosea, japo mkorogo siutetei hata kidogo.

Rangi itapungua, ndio. Hidrokotisoni ndo kotisoli yenyewe ya kidonge, kwa hiyo dawa ikishakaa sawa pituitari inatulia, ACTH inashuka, ila hesabu miezi sio siku, na kovu linaweza kubaki na weusi wake. La muhimu kuliko rangi, asiache vidonge hata siku moja eti kwa vile amepata nafuu. Akipata homa dozi inapandishwa kama alivoelekezwa, akitapika mpaka vidonge havikai aende hospitali achomwe sindano, hiyo sio ya kusubiri kukuche. Na muulizeni daktari kama alishapimwa TB, maana TB ni moja ya vitu vinavyozila hizo tezi.

Wengine mnaosoma hapa msikimbilie kioo kuangalia fizi. Wengi wetu tumezaliwa na fizi nyeusi na mistari ya viganja iliyokolea, hakuna ugonjwa hapo. Cha kuangalia ni mabadiliko, yamekuja lini, na yamekuja na kukonda na kizunguzungu au yamekuja peke yake.

SWALI: Mambo anti, mi niko Muscat nafanya kazi jimu. Kuna wazungu wanajichoma sindano wapate rangi ya kahawia, unga uko kwenye kichupa wanachanganya wenyewe na maji. Ni homoni hiyo unayoandikaga?
Kijana wa jimu

JIBU: Poa mdogo wangu. Ni ya kuiga. Kuna ya halali, afamelanotaidi, ambayo asili yake ni watafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona: walichukua zile shanga 13 wakabadilisha mbili, ya 4 na ya 7, ikawa haivunjiki haraka. Ulaya waliiruhusu 2014, Marekani 2019, kwa watu wenye ugonjwa wa damu ambao mwanga unawaunguza vibaya, na anaipachika daktari chini ya ngozi, kipande kidogo kama punje ya mchele. Hiyo ya kichupa kwa kawaida ni melanotani 2, haina kibali, na tabu yake ni kwamba vipokezi vya familia hii viko vitano, vingine viko kwenye ubongo, nayo inagonga zaidi ya kimoja. Ndo maana wanatapika, hamu ya chakula inapotea, wanaume wengine uume unasimama masaa hauteremki, na vipele vyeusi vya mwilini vinabadilika rangi. Usishike bomba la sindano la mtu. Afu wale wenye nywele nyekundu wengi wao MC1R yenyewe ndo imelegea toka kuzaliwa, hilo lilijulikana 1995, kwa hiyo hata homoni ikitua sauti inayofika ndani ni ndogo na seli inabaki kutengeneza melanini nyekundu.

SWALI: Mwanangu ana ualbino, ana miaka 4. Je hiyo homoni akipewa atapata rangi?
Mama wa Mwanza

JIBU: Hapana mama, na akitokea mtu wa kukuuzia mkimbie. Kipokezi cha mwanao ni kizima na homoni anayo ya kutosha. Aina ya ualbino iliyo nyingi Tanzania inatokana na hitilafu kwenye jeni ya OCA2, ambayo protini yake inakaa kwenye ukuta wa kile kifuko cha ndani ya seli ambamo melanini inapikwa. Bila hiyo protini tairosineisi haifanyi kazi vizuri mle ndani, kwa hiyo hata ukiongeza kelele nje, jikoni hakuivi. Mtafutie kofia yenye ukingo mpana kuzunguka kichwa chote, sio kepi, maana kepi inaacha masikio na shingo, mikono mirefu, miwani, na losheni ya jua. Ipo KiliSun inayotengenezwa Moshi kwa ajili yao, uliza kliniki ya ngozi iliyo karibu. Na apimwe macho kabla hajaanza shule, ili mwalimu amkalishe mbele toka siku ya kwanza.