Jenereta inawaka kwa choki tu: fuata njia ya petroli na hewa kabla hujanunua kabureta

Mleta mada, umesema jenereta yako ndogo ya petroli ilikaa Kigamboni miezi kadhaa bila kuguswa. Sasa ukivuta choki (kile kibamba cha kuzibia hewa wakati wa kuwasha) inawaka, ukirudisha inazima. Ukiacha choki nusu inanguruma ikipanda na kushuka, na taa nazo zinafifia na kung'aa. Fundi kakwambia kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, imekufa, nunua nyingine, na humu wamekushauri ulegeze skrubu. Natengeneza injini za aina hii Temeke, majenereta na pampu za maji zaidi kuliko bodaboda, na ningekuomba mfuko wako uuache kwanza. Hayo uliyoeleza yanatosha kuonyesha palipoziba, mradi ujue petroli inapita wapi.

Jenereta kama hiyo kwa kawaida haina pampu ya mafuta. Petroli inashuka kutoka tangini kwa uzito wake, inapita koki, inapita mpira, inaingia kwenye bakuli lililo chini ya kabureta. Humo kuna boya, na kazi yake ni ileile ya boya la tangi la choo: petroli ikipanda, boya linanyanyuka na kusukuma kisindano kinachoziba njia, ikishuka, njia inafunguka. Kwa hiyo kina cha petroli kwenye bakuli hakibadiliki, tangi liwe limejaa au limebaki robo. Kikizidi, injini inalewa mafuta. Kikipungua, inakosa.

Hewa nayo ina njia yake. Pistoni ikishuka huku vali ya kuingizia iko wazi, presha ndani ya silinda inapungua, na hewa ya nje inakimbilia humo kupitia chujio na koo la kabureta. Jenereta hizi za 50 Hz nyingi huzunguka mara 3,000 kwa dakika, na kwa injini ya mipigo minne, inayovuta hewa mara moja kila mizunguko miwili, hiyo ni mivuto 25 ya hewa kila sekunde. Katikati ya koo pamebanwa makusudi. Hewa ikifika hapo inaongeza kasi, na inapoongeza kasi presha yake inashuka. Aliyelichunguza jambo hilo kwenye maji ni Mwitaliano Giovanni Battista Venturi, karne ya 18, na mpaka leo koo la namna hiyo linaitwa kwa jina lake.

Hapo palipobanwa ndipo linapotokeza tundu la mrija unaotoka kwenye bakuli. Bakuli lina njia ya kupumulia, hivyo hewa ya kawaida inaikandamiza petroli kutoka juu. Kooni presha ni ndogo, basi petroli inasukumwa, inapanda mrijani na kutawanyika kwenye mkondo wa hewa. Kinachoipandisha ni hewa ya nje, na ndiyo maana kitundu cha kupumulia kikiziba unaweza kuosha jeti (vijitundu vinavyopima petroli) mpaka kesho usipate kitu. Mfuniko wa tangi ni vilevile. Wapo wanaoweka kipande cha nailoni chini ya mfuniko ili petroli isinuke au isimwagike (mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2019, lakini kwenye matangi bado ipo). Injini inawaka vizuri, inafanya kazi dakika chache, inazima. Fungua mfuniko, usikie "fyuu", washa tena, inawaka. Kwako dalili si hiyo, lakini legeza mfuniko uhakikishe, haikugharimu kitu.

Kabla petroli haijafika kooni inapita kwenye jeti kubwa, kijiskrubu cha shaba chenye tundu lisilofika hata milimita moja. Juu yake kuna mrija wenye vitundu pembeni, na humo hewa kidogo inaingia na kuchanganyika na petroli iwe povu kabla ya kutoka. Vitundu hivyo watu huvidharau. Bila hewa hiyo, kadiri injini inavyovuta zaidi ndivyo petroli ingezidi kupita kiasi. Kipimo kinachotafutwa ni takriban kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Kwa lugha ya kidumu, lita moja ya petroli inahitaji hewa zaidi ya lita 9,000. Sasa fikiria chujio lililojaa vumbi na oili linafanya nini kwenye hesabu hiyo.

Tuje kwenye ugonjwa wako. Jenereta isipobeba mzigo, gavana (kidhibiti cha mzunguko wa injini) inakifunga kipepeo cha resi, kibamba kinachopunguza au kuongeza hewa inayoingia, karibu chote. Hewa inayopita kooni ni kidogo, kasi yake haitoshi kuipandisha petroli ya kutosha kwenye mrija mkubwa. Kwa hali hiyo kabureta ina njia ya pili, ya sailensa, yaani ya injini kunguruma bila resi: jeti ndogo sana inayopeleka petroli kwenye vitundu vilivyo karibu na ukingo wa kipepeo, upande wa injini, ambako mvuto ni mkali kipepeo kikiwa kimefungwa. Njia hiyo ikiziba, injini inakosa petroli, mzunguko unashuka, gavana inashtuka na kufungua kipepeo. Hewa inakimbia, jeti kubwa inatoa petroli, mzunguko unapanda, gavana inafunga tena. Huko ndiko kupanda na kushuka unakokusikia. Choki nayo inaziba mlango wa hewa, mvuto wote unahamia ndani ya koo, na petroli inalazimika kupenya hata palipobanwa na uchafu. Injini inayotaka choki hata ikishapata moto ina njaa ya petroli, au inaiba hewa mahali.

Jaribu hivi: choki ikiwa nusu, ibebeshe mzigo, pasi kwa mfano, kisha rudisha choki taratibu. Ikitulia na mzigo na kuanza vurugu ukiutoa, jeti ndogo ndiyo yenye kesi. Ikizima hata na mzigo, jeti kubwa nayo ina uchafu.

Kufungua ni rahisi. Fanyia nje, mbali na jiko, injini ikiwa imepoa. Funga koki, weka kopo chini, fungua bolti ya bakuli, nyingi ni spana namba 10. Petroli iliyokaa muda mrefu utaijua kwa pua, inanuka kama rangi ya zamani, na chini ya bakuli inaacha utando wa kahawia unaonata. Ukikuta na unga mweupe, maji yaliingia na yameanza kula aluminiamu, jambo ambalo kwa unyevu wetu wa pwani silishangai. Ondoa boya na kisindano. Jeti kubwa iko ndani ya nguzo ya katikati, itoe kwa bisibisi bapa inayokaa sawasawa kwenye mfereji wake, maana shaba ni laini. Mrija wa vitundu utadondoka wenyewe. Jeti ndogo kwenye kabureta nyingi za aina hii ni ya plastiki, imekaa juu, chini ya skrubu inayozuia kipepeo. Toa skrubu, inyanyue polepole. Iangalie juani. Usipoona nukta ya mwanga, umempata mchawi wako.

Na hapa naomba nisikilizwe: usizibue jeti kwa waya. Niliwahi kuletewa jenereta inayotoa moshi mweusi na kunywa petroli kama maji, aliyeishika kabla yangu alikuwa amechokonoa kwa waya wa breki. Tundu la milimita 0.7 likipanuka kufika 0.8, eneo lake limeongezeka karibu asilimia 30, na hakuna skrubu ya kurudisha hiyo. Loweka jeti kwenye dawa ya kusafishia kabureta, pitisha mshipi mwembamba wa nailoni, ule wa wavuvi, halafu puliza kwa kompresa kila tundu unaloliona, pamoja na njia ya hewa kwenye mdomo wa koo. Plastiki na mipira usiviloweke kwenye dawa kali.

Ikiwa kila kitu ni kisafi na tabia ni ileile, angalia gasketi na kile kipande cheusi kati ya kabureta na injini. Ufa hapo unaingiza hewa isiyopitia kooni, na hewa hiyo haibebi petroli.

Mdau aliyeuliza kuhusu bodaboda: nyingi zina sindano ndefu inayopanda na kushuka ndani ya jeti, kwa hiyo resi ya katikati inaitegemea hiyo. Mengine ni yaleyale. Na aliyesema yake ilianza kutoa moshi mweusi alipoihamishia Mbeya, huko juu hewa ni nyepesi, jeti iliyopangiwa Dar inatoa petroli nyingi mno. Atafute jeti yenye namba ndogo kidogo.

Mleta mada, ukishafunga, kabla hujavuta kamba chomoa kijiti cha oili ukinuse. Kikinuka petroli, au oili imepanda kuliko ulivyoiacha, kisindano cha boya kilikuwa kinavujisha na petroli imeshukia kwenye injini. Badilisha kisindano, mwaga oili yote, weka mpya, ndipo uwashe. Na siku nyingine ukitaka kuiacha muda mrefu, funga koki ikiwa inanguruma, iache imalize petroli ya kwenye bakuli hadi izime yenyewe.