Maswali Yenu: Nani apitishe badiliko?

SWALI: Ndugu Mhariri, sisi ni vijana saba hapa Tanga, tunatunza programu huria ya mahesabu ya vikoba. Mapendekezo yamelundikana, mengine yana miezi minane hayajajibiwa. Juzi mwenzetu kaleta hesabu mpya ya faini, mwingine kaipitisha usiku, na asubuhi akina mama wa Ngamiani wamekuta madeni yamepanda. Tufanyeje?
Msomaji, Chumbageni

JIBU: Kwanza rudisheni hesabu ya zamani leo hii. Mjadala baadaye.

Mnapitisha wazo na msimbo (maandishi yanayoiendesha programu) kwa mlango mmoja. Msimbo ukishaletwa umekamilika, watu huona haya kuuliza kama jambo lenyewe linafaa; hubaki kukagua mabano. Kwa lolote linalogusa pesa au namna data inavyohifadhiwa, utangulie waraka wa kurasa mbili: tatizo ni lipi, nini kitabadilika, kumbukumbu za zamani zitasomwaje, njia zipi zimeachwa na kwa nini. Uwe na mfano wa tarakimu. Hisa ni Sh 5,000, faini asilimia 10 kwa wiki, mtu kachelewa wiki tatu: kwa kawaida anadaiwa faini ya Sh 1,500, ikitozwa faini juu ya faini, ni Sh 1,655. Mstari huo mmoja ungewaamsha wote saba. Makosa ya tahajia hayahitaji waraka, mkaguzi mmoja asiye mwandishi anatosha.

Kila waraka upewe msimamizi mmoja kwa jina tangu siku ya kwanza, kwani jambo la wote saba hulala. Mjadala wiki mbili, kisha itangazwe siku ya mwisho. Mradi wa Rust, lugha ya kuandikia programu, hutoa siku 10 za mwisho za maoni. Apache, shirika la programu huria, huacha kura wazi angalau saa 72, na anayezuia badiliko la msimbo lazima atoe sababu ya kiufundi, la sivyo pingamizi lake halina nguvu. Igeni hilo. Ila kwenye pesa kimya kisihesabiwe ndiyo: takeni ndiyo mbili zilizoandikwa, tena penye waraka wenyewe (vidole gumba vya WhatsApp baada ya wiki huvioni).

Usimamizi uwe wa zamu. Guido van Rossum, mwanzilishi wa Python, lugha nyingine ya programu, alijiuzulu uamuzi wa mwisho mwaka 2018 baada ya mvutano juu ya pendekezo namba 572. Sasa wanaamua watu watano wa kuchaguliwa. Python pia huhifadhi mapendekezo yaliyokataliwa, kila moja na namba yake. Msipofanya hivyo, hoja ileile itarudi kila mgeni akiingia.

Tawi kuu, yaani nakala rasmi ya msimbo, lifungwe: asiingize mtu chochote bila idhini ya mwingine, na ile Sh 1,500 iwe jaribio linalojiendesha kila msimbo unapoletwa. Mapendekezo yale ya miezi minane, waandikieni walioyaleta. Asiyejibu ndani ya siku 21, andikeni “limeahirishwa”, si “limekataliwa”. Akirudi, alikute mahali pake.