Mfereji chini ya mikarafuu: swali kutoka Kiboriloni

SWALI: Bwana shamba, mimi ni mama wa Kiboriloni, hapa Moshi. Mume wangu ni Mpemba, na ndugu zake wamemgawia urithi wake, shamba la kama eka tatu karibu na Wete. Ni kilima chenye mikarafuu mizee, mingine imekauka, na bondeni kuna mpunga wa majirani. Masika maji yanateremka mekundu. Tunataka tuligeuze kihamba, shamba la mchanganyiko la Wachaga, kama cha nyumbani: tuchimbe mifereji ya kontua, yaani inayokata kilima kwa usawa, tupeleke miche ya kahawa na machipukizi ya mchare, ndizi yetu ya kupika. Tuanzie wapi?

JIBU: Mama, hongera kwa urithi, na pole kwa hayo maji mekundu. Anzia hapo hapo kwenye maji. Kahawa iache Moshi: arabika yetu inataka ubaridi wa mlimani, mita 1,000 na zaidi, na vilima vya Pemba havifiki hata 150. Mbuni utaota, ila joto na kutu ya majani vitautesa.

Mchare nao usiupandishe boti. Chipukizi linatoka na udongo wake, na ndani ya udongo huo kuna fukusi, minyoo ya mizizi, pengine na mnyauko wa Panama, ugonjwa wa migomba ambao ukishaingia shambani unakaa ardhini miaka na miaka. Kisiwa kinalindwa na bahari, sasa wewe usiwe daraja. Wenyeji wanayo migomba yao, mitwike na mikono ya tembo. Omba machipukizi kwa jirani mwenye migomba yenye afya, chonga mizizi yote na ganda la tunguu, kile kitako cha chini cha chipukizi, mpaka libaki jeupe, ndipo upande.

Sasa mifereji. Hapa Kilimanjaro udongo ni wa volkano, una kina, ukiukosea unakusamehe. Udongo wa vilima vya Pemba umeoshwa na mvua karne nyingi, na rutuba yake imekaa juu juu. Ukichimba sentimita 60 unafukua udongo mfu na kuufunika ule mzuri. Zaidi ya hapo, mizizi ya mkarafuu inayotafuta chakula iko karibu na uso wa ardhi. Kuikata kwenye mti mzee ni kuufungulia maradhi mlango.

Weka mistari ya majani ya kupandwa badala ya mifereji. Ila ipimwe. Niliwahi kukisia kwa jicho mteremko wa mkulima mmoja kule Kirua nikijiamini, na mvua ya Aprili ikapita palepale nilipokosea. Tangu siku hiyo sitoki bila fremu ya A. Kata fito mbili za mita 2, zifunge juu, miguu iachane, katikati funga ya kulalia. Ning'iniza uzi wenye jiwe kutoka kileleni. Simamisha, weka alama uzi unapogusa fito ya kulalia. Geuza miguu ibadilishane nafasi, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo usawa ulipo. Halafu kata kilima kwa ubavu: mguu mmoja umetulia, mwingine unausogeza juu au chini mpaka uzi utue kwenye usawa, unapiga kigingi, unaendelea.

Kwenye vigingi panda mchaichai au vetiva, nyasi yenye mizizi mirefu, mstari hadi mstari mita 8 au 10, karibu zaidi panapoinuka sana. Mabingobingo hapana, yana uchu wa maji na yatagombana na mikarafuu. Matawi makavu yalaze juu ya mstari, upande wa mlimani. Mikarafuu iliyokufa ikate lakini visiki usiving'oe, bado vimeshika udongo. Miche mipya iweke kwenye mapengo chini ya kivuli cha migomba, maana mkarafuu mchanga hauwezi jua kali, na utakula karafuu zake baada ya miaka 6 hadi 8. Katikati hapo utaishi kwa ndizi na pilipili manga ikipanda kwenye miti ya gilirisidia. Fito zake zinachipua zenyewe, na majani yake ukiyapogoa ni mbolea. Muhogo upeleke pasipo na mteremko. Kila ukiung'oa unalima upya, na mvua inasubiri hilo tu.

Mbuzi wafungwe bandani, samadi irudi shinani. Hilo wewe Mchaga hufundishwi.

Kabla ya kigingi cha kwanza, shemeji zako waulizwe: mumeo amerithi shamba au mikarafuu tu? Visiwani mti unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwingine, na zile eka tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964 zilitoka serikalini, basi uliza pia kama shamba lenu ni mojawapo. Liandikwe. Kisha mtembelee mwenye mpunga chini, umwonyeshe mistari itakapoishia. Upimaji ufanyike Februari wakati ardhi ni kavu, majani yaingie na mvua za kwanza za Machi.