Mashua yangu na upepo wa kusi

SWALI: Shikamoo mzee. Mashua yangu ya tanga naiegesha gatini hapa Kigoma. Kusi likichachamaa kiangazi sipati usingizi. Niongeze kamba? – Msomaji, Ujiji

JIBU: Marahaba mwanangu. Ongeza, ila kwanza tanga. Usilikunje tu kwenye foromali, ule mti unaobeba tanga. Livue kabisa ulipeleke nyumbani, maana upepo ukipata upenyo hulifumua na kuvuta chombo kizima. Funga omo, yaani mbele, na tezi, yaani nyuma, kisha kamba mbili za mshazari, mashua isiende mbele na nyuma. Nailoni ndiyo bora, hunyumbuka wimbi likipiga. Kamba inapopita ukingoni, ivishe kipande cha mpira wa maji. Hapo ndipo husagika usiku kucha hadi ikakatika. Matairi ning'iniza ubavuni. Na tafadhali, usilale humo kulinda chombo.